Nusu ya Doti

Kila siku nikitoka shuleni, nilipitia kwanza kwenye banda la mwani kabla ya kwenda nyumbani. Mwani ni majani ya baharini. Akina mama wa kijiji chetu, hapa karibu na Shimoni, huyafunga kwenye kamba na kuyapanda pale maji yanapokuwa mafupi. Baada ya wiki sita huvuna, kisha mwani huanikwa juu ya chanja ndani ya banda. Kazi yangu ilikuwa kuugeuza ukauke pande zote. Banda lile lina mabati juu, na mabati hayo si pambo. Mwani mkavu ukiguswa na maji ya mvua huharibika, na mnunuzi haugusi hata ukimpa bure.

Mimi naitwa Twaiba. Wakati huo nilikuwa na miaka kumi na miwili, niko gredi ya sita, na nilikuwa mwoga. Bora niseme mapema. Nilikuwa naogopa radi, naogopa kuku mwenye vifaranga, naogopa hata kuitwa mbele ya darasa. Rafiki yangu Mercy alikuwa akisema mgeni akiniuliza jina, nitakimbia niliache jina nyuma. Mwacheni acheke.

Lakini mwaka huo hata watu wazima walikuwa na hofu. Mnunuzi wa mwani alishusha bei mpaka nusu, akasema viwanda vya ng'ambo havinunui kama zamani. Huko Diani hoteli zilikosa wageni. Babake Mercy, aliyekuwa mpishi, alirudishwa nyumbani. Baba yangu, mlinzi kwenye jumba moja la wageni, alibakishiwa siku kumi na tano tu za kazi kwa mwezi. Nyumbani kwetu chai ikawa ya rangi, kisha hata sukari ikapungua. Wakubwa walikuwa wakizungumza kwa sauti ya chini, na nikiingia wananyamaza. Kunyamaza huko kulinitisha kuliko maneno yenyewe.

Ni katika hali hiyo kikundi cha akina mama wa mwani, kinachoitwa Tusichoke, kilipaswa kuchagua mwenyekiti mpya. Waliotaka kiti walikuwa wawili. Wa kwanza alikuwa Bwana Boga, mmoja wa wanaume wachache kikundini, mcheshi, mwenye sauti ya kubembeleza. Yeye alisema banda na kiwanja chake viuzwe kwa tajiri anayetaka kujenga ufuoni, kisha kila mwanachama apewe fungu lake kabla ya Idd. Wa pili alikuwa Bi Sidi, mwanamke mkavu asiyejua kubembeleza. Yeye alisema hakuna kuuza wala kugawana kitu mwaka huo.

Unaweza kudhani ni nani aliyependwa zaidi.

Alhamisi moja nilikuwa nyumbani peke yangu, nimekaa juu ya mbuzi nakuna nazi. Ilikuwa siku za bamvua, wakati maji ya bahari hutoka mbali sana, na Mama alikuwa shambani kwake huko majini. Nikasikia mtu anabisha.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu!" nikasema, nikasimama haraka.

Aliyeingia alikuwa Bi Mwinga, mpiga debe wa Bwana Boga. Mkononi alishika mfuko mkubwa.

"Shikamoo, Bi Mwinga."

"Marahaba, mwanangu. Mama yuko?"

"Hayuko. Ameenda kwenye mwani."

"Basi leo wewe ndiye mwenyeji," akasema huku akitabasamu. "Njoo uone nilichomletea mama yako."

Akatoa doti ya leso mpya. Lo! Ilikuwa nyekundu, yenye korosho za manjano, na bado inanukia harufu ya dukani. Mama yangu hakuwa amenunua leso tangu mwaka uliopita. Ile aliyokuwa akiendea sokoni ilikuwa imetoboka, naye aliikunja kwa namna ya kuficha tundu. Chini ya leso ile mpya palikuwa na maandishi: NIMEPOKEA KWA MOYO MMOJA.

Kila mtu wa pwani anajua kwamba doti ni leso mbili zilizoshikana. Moja ya kujifunga, moja ya kujitanda. Doti haikatwi mpaka imepata mwenyewe. Bi Mwinga akatoa mkasi, akaikata katikati mbele ya macho yangu. Kipande kimoja akaniwekea kwenye mkono wa kushoto. Cha pili akakirudisha mfukoni.

"Na hicho kingine?" nikauliza.

"Hicho atapewa Jumamosi ijayo, siku ya kuchagua, akishasimama kwenye mstari wa Bwana Boga. Sasa weka mkono juu ya leso, useme, 'Wallahi, mama yangu atasimama na Bwana Boga.'"

Nyumbani kwetu neno hilo halisemwi ovyo. Kaka yangu aliwahi kulisema akicheza mpira, akanyimwa chakula cha jioni.

"Mimi siwezi kusema hivyo, Bi Mwinga."

"Huwezi? Mtoto mwenye adabu kama wewe? Mama yako atafurahi, utaona." Kisha sauti yake ikabadilika. "Au unataka nimrudishie Bwana Boga zawadi yake, nimwambie mtoto wa nyumba hii amenifukuza?"

Nilifundishwa kutomjibu mkubwa. Nikaweka mkono. Nikasema. Sauti yangu ilikuwa ndogo, lakini nilisema.

Bi Mwinga akanyanyuka. Alipofika mlangoni akageuka. "Ukumbuke, mwanangu, wallahi si neno la mchezo. Likivunjwa, humrudia mwenye nyumba." Halafu akaenda zake.

Nilibaki nimeshika ile leso. Nilipomsikia Mama anakuja, niliikunja nikaizika ndani ya pipa la mahindi.

"Kuna mtu aliyekuja?" Mama akauliza huku akitua kapu.

"Hakuna, Mama."

Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza. Siku hiyo sikujua kwamba uongo ukishaingia nyumbani unataka kulishwa kila siku.

Jioni hiyohiyo, tukila, Baba alimuuliza Mama atasimama na nani.

"Mpaka sasa namwona Bi Sidi," Mama akajibu. "Bwana Boga anazungumza mpaka Idd tu. Nikimuuliza baada ya Idd tutaanika wapi mwani, anacheka."

Mama yangu hatasimama na Bwana Boga! Nami nimeshaapa! Nikamtazama jinsi alivyokuwa akichovya ugali kwa utulivu, hajui kitu, nikatamani kulia. Baba akaniuliza kama ninaumwa. Nikasema nimeshiba.

Kuanzia hapo sikuwa mtu tena. Mama akikohoa, nilishtuka. Akichelewa kurudi kutoka majini, nilisimama ufuoni nikihesabu vichwa vya akina mama mpaka nikione chake. Darasani mwalimu aliniuliza mji mkuu wa kaunti yetu ya Kwale, nikajibu, "Mama." Darasa zima likaangua kicheko. Mercy peke yake hakucheka.

"Una nini wewe?" akaniuliza wakati wa mapumziko.

"Sina kitu."

"Una kitu. Umekonda kama kigingi cha mwani."

Sikumwambia. Niliona nikilitoa lile neno mdomoni litaamka.

Jumatatu nikiwa bandani nageuza mwani, nikasikia kelele kutoka ufuoni. Akina mama watatu walikuwa wamembeba mwenzao. Nilimtambua kwa ile leso iliyotoboka. Alikuwa Mama.

Mguu wake wa kulia ulikuwa umevimba, damu inachuruzika kwenye kifundo. Alikuwa amemkanyaga taa, yule samaki bapa anayejificha mchangani na mwenye mwiba wenye sumu mkiani. Mama yangu, ambaye sijawahi kumwona akilia, alikuwa akiuma meno na machozi yakimtiririka.

"Maji ya moto! Leteni maji ya moto!" Bi Sidi alikuwa akiamrisha. Wakamtumbukiza mguu kwenye beseni la maji ya moto ya kuvumilika, kwani joto hupunguza makali ya sumu hiyo. Kisha wakaita tuktuk, akapelekwa zahanati.

Mimi nilisimama pale nimeshika konzi ya mwani. Nilijua. Humrudia mwenye nyumba. Nimemuua mama yangu, nikawaza. Nimemuua kwa mdomo wangu.

Mama alirudishwa saa kumi na moja jioni, mguu umefungwa bendeji. Daktari alimchoma sindano, akampa vidonge, akamwambia asiingie majini wiki mbili. Alipolazwa kitandani, homa ilikuwa imempanda. Nikaona siwezi tena. Nikaenda kwenye pipa, nikachimbua ile leso, nikaja nayo imejaa vumbi la mahindi, nikapiga magoti.

"Mama, usife. Nisamehe. Simama na Bwana Boga, Mama, nakuomba, simama naye upone!"

Mama akafumbua macho. "Nini tena, Twaiba? Nani anakufa?"

Nikamweleza yote. Bi Mwinga, mkasi, wallahi, pipa la mahindi, na ule uongo. Nililia mpaka nikapata kwikwi. Mama alinisikiliza bila kunikatiza. Mwisho akaichukua leso, akasoma maandishi yake, akaniangalia, halafu, amini usiamini, akacheka. Alicheka huku akishika mguu kwa maumivu.

"Mwanangu, yule taa hajui kusoma leso. Nilimkanyaga kwa sababu leo sikuvaa viatu vya mpira. Vimepasuka tangu mwezi jana, na pesa ya vingine hatuna. Hiyo ndiyo sababu, wala hakuna nyingine." Kisha uso wake ukawa mkavu. "Lakini ulinidanganya. Nilikuuliza kama kuna mtu aliyekuja, ukanijibu hakuna. Hilo limeniuma kuliko mwiba."

Niliinamisha kichwa. Ningependa anichape kuliko kuniambia vile.

"Kesho ukitoka shule," akaendelea, "nenda kwa Ustadhi Abubakar ukamuulize kuhusu kiapo chako. Najua mimi nikikuambia utadhani nakufariji tu."

Ustadhi Abubakar ndiye mwalimu wetu wa madrasa. Siku iliyofuata nilimkuta anapanga juzuu kwenye rafu. Nilipomaliza kumsimulia, aliketi, akavuta pumzi.

"Sikiliza, Twaiba. Hakuna mtu anayeweza kumwapia mwenziwe. Na wewe ni mtoto, tena uliyetishwa. Kiapo hicho hakimfungi mama yako hata kidogo, wala Mwenyezi Mungu hamdhuru mama kwa kosa la mwanawe. Ila jina lake usilitumie tena kwa jambo kama hilo. Umenifahamu?"

"Nimefahamu, Ustadhi."

"Na aliyekutisha ana hesabu yake kubwa zaidi kuliko yako." Akatikisa kichwa. "Ajabu ni kwamba wewe ni wa saba kuja kuniuliza wiki hii. Wenzako wote walikuwa watu wazima."

Nilirudi nyumbani nikikimbia.

Jumamosi ikafika. Mkutano ulifanyika mumo humo bandani, baina ya chanja. Mama alikwenda akichechemea, ameegemea fimbo na bega langu. Akina mama walikuwa wengi, na karibu kila mmoja alikuwa na kipande cha leso nyekundu. Wengine walijitanda, wengine waliibana kwapani kama wanaoificha. Bi Mwinga alikaa mbele na ule mfuko wake, umejaa nusu zilizobaki.

Afisa wa vyama vya ushirika kutoka Msambweni alieleza utaratibu. Wagombea wataongea, kisha wanachama watapanga mstari, kila mmoja nyuma ya anayemtaka.

Bwana Boga alisimama kwanza. "Dada zangu, hali ni ngumu, nani asiyejua? Watoto wanataka nguo za Idd. Mimi sina maneno mengi. Tuuze, tugawane, tule!" Watu wakapiga makofi.

Mama akainua mkono. "Nina swali, Bwana Boga. Baada ya Idd, tukivuna, tutaanika wapi?"

"Mungu atafungua njia, Mama Twaiba."

"Amina. Lakini mvua za masika zikija kabla ya hiyo njia kufunguka? Na mwakani tutaishi kwa nini?"

Bwana Boga akacheka kile kicheko chake, akakaa.

Bi Sidi hakubembeleza mtu. Alisema mwaka huo utakuwa mgumu, naye hatatudanganya. Hakuna fungu la Idd. Alisema kuna akina mama waliokwisha kuvuna mwani wa wiki tatu kwa sababu ya shida, wakapata nini? Ulikauka ukawa si kitu, na mbegu, vile vipande vya kupanda tena, wakakosa. Akaeleza anachotaka kufanya. Wauze mzigo mmoja pamoja na kikundi cha kijiji cha Jego, ili mnunuzi asiwapangie bei mmoja mmoja. Sehemu ya mwani isagwe itengenezwe sabuni, na kazi hiyo wameshaijaribu. Mbegu zisiguswe na mtu.

"Mkiniuliza kama itafaulu yote, sijui," akamaliza. "Lakini banda litakuwapo, na mtakuwa na pa kuanzia."

Afisa akasema, "Haya, pangeni mstari."

Watu wakaanza kusogea upande wa Bwana Boga. Niliwaangalia nyusoni. Hawakuwa na furaha. Mama mmoja jirani yetu alikuwa akimtazama Bi Sidi huku miguu yake ikienda kwingine, na vidole vyake vimeikaza ile leso. Niliujua uso ule. Ulikuwa uso wangu, wiki nzima, kila nilipojitazama kwenye maji ya ndoo. Walikuwa wanaogopa.

Mama akachechemea mpaka mbele. Akaweka kipande chetu mezani, mbele ya Bi Mwinga. "Nusu yako hii. Kaiunganishe na mwenziwe."

Bi Mwinga akainama mbele, akasema kwa sauti ya kusikika, "Na kiapo je, Mama Twaiba? Hukuona mguu wako?"

Aliyekuwa akitembea alisimama. Nami sijui nini kilinisukuma. Nilitaka sana kukimbia. Badala yake nikapaza sauti.

"Mimi ndiye niliyeapa! Mama hakuapa, mimi niliapa, kwa sababu Bi Mwinga alinitisha! Na Ustadhi amesema hakuna mtu anayeweza kumwapia mwenziwe, na Mungu hamdhuru mama kwa ajili ya leso! Taa alimchoma kwa sababu viatu vimepasuka!"

Nikakosa pumzi. Nikajificha nyuma ya Mama.

Kisha yule jirani yetu akasogea mezani, akaikunja leso yake vizuri, akaiweka juu ya yetu. "Nilidhani ni mimi peke yangu," akasema. "Mwanangu ana homa tangu juzi. Nimekosa usingizi." Akaja mwingine. Akaja mwingine tena. Rundo likakua, jekundu, mpaka Bi Mwinga hakuonekana kifua. Mstari wa Bwana Boga ukapungua, lakini haukuisha. Wapo waliobaki kwa sababu walitaka fungu lao, na hiyo ni haki yao. Afisa alipohesabu, Bi Sidi alikuwa na watu thelathini na tisa, Bwana Boga thelathini na wanne.

Idd ile sikupata nguo mpya. Nilivaa gauni la mwaka uliopita, Mama akaliongeza kitambaa pindoni. Bei ya mwani haikupanda kwa miezi mingi. Lakini mvua za masika ziliponyesha siku nne mfululizo, mwani wetu ulikuwa mkavu chini ya mabati, na lori lilipokuja kuchukua mzigo wetu na wa Jego, mnunuzi aliongeza bei kidogo. Fedha ya kwanza ya sabuni ilinunua viatu vya mpira kwa kila anayeingia majini. Siku Mama alipovivaa vyake, nilivikagua mimi mwenyewe, nyayo zote mbili.

Jioni moja tulikuwa tunafunga mbegu kwenye kamba, mimi na yeye. Nikamuuliza swali lililokuwa likinisumbua.

"Mama, kama hali ingekuwa nzuri, ungeichukua ile leso?"

Mama akacheka. "Hata hapo nisingeichukua. Lakini sikiliza, mwanangu. Mambo yakiwa mazuri, ukimchagua mtu mbaya utaumia kidogo, maana kuna cha kukuinua. Mambo yakiwa mabaya, hakuna. Ukikosea, umeuza mpaka mbegu. Na ni wakati huohuo, tukiwa na njaa na hofu, ndipo wanakuja na leso na vitisho, kwa kuwa wanajua mwenye hofu hafikirii mbali. Siku moja utapiga kura kumchagua mwakilishi wa wadi, gavana, hata rais. Usimuulize atakupa nini leo. Muulize kazi zitatoka wapi, tutauza nini, tutaishi vipi mwakani. Akicheka badala ya kujibu, umeshapata jibu lako."

"Na nikiogopa?"

Akakaza fundo, akanipa ncha ya kamba niishike.

"Utaogopa," akasema. "Nami niliogopa, siku ile bandani. Hukuona jinsi nilivyokushika bega?"

Nilikumbuka. Nilidhani alinishika kwa sababu ya mguu.